Mashine Mbili, Bikoni Moja

Jumatatu, 9 Juni 1997
Mashine mbili za setilaiti zimefika ofisini! Bwana Mokaya, meneja wetu, amenikabidhi mimi, Opiyo, msaidizi wa vipimo. Tunapima shamba jipya la chai upande wa Roret. Amenionya kuwa ishara za angani hupotoka. Eti Wamarekani huzichafua makusudi. Dawa yake: mashine moja ikae juu ya bikoni ya kilimani, ile nguzo ya simenti ya wapimaji, ambayo mahali pake panajulikana. Nyingine izunguke shambani. Kosa litakaloonekana bikoni, tulitoe kwenye vipimo vya shambani.

Nimeomba msaidizi. Nimemtaja Cheptoo, karani wa mizani. Nimekubaliwa! Miaka mitatu nakunywa chai peke yangu huku laini, kwenye nyumba za wafanyakazi. Nimenunua kikombe cha pili.

Jumanne, 10 Juni
Sikufikiria vizuri. Yeye bikoni, mimi bondeni. Kilomita mbili! Siku nzima nimeona kitambaa chake chekundu tu. Nikapunga mkono. Hakupunga. Kipkirui wa trekta alimpelekea maziwa ya mursik, akakaa huko saa nzima. Bikoni imeonyesha kosa la mita themanini. Langu ni kubwa zaidi.

Alhamisi, 12 Juni
Mbinu! Nilimwambia Bwana Mokaya mashine lazima zilinganishwe kwanza, zikiwa pamoja. Basi tumeketi bikoni mimi na Cheptoo tangu asubuhi. Mvua ya saa nane ikatukuta, tukajifunika nailoni moja. Ananiita Mzee Opiyo. Nina miaka thelathini na minne! Lakini ameahidi kuja kwangu Jumapili kunywa chai.

Mashine zimesoma sawasawa. Namba za moja zikihama, za pili zinafuata kama ng'ombe wa nira moja. Nimeandika ripoti: tofauti hakuna, kosa hakuna. Kwa hiyo bikoni haihitaji mtu. Cheptoo atatembea nami akishika vigingi.

Ijumaa, 13 Juni
Vigingi arobaini, bega kwa bega! Mahali fulani Cheptoo alisimama. Akasema nepia hii, majani ya ng'ombe, anaijua, ni ya Kiplangat, baba yake mdogo. Ameikata tangu utotoni. Nikamweleza kwamba setilaiti ziko juu, zinaona kumshinda. Akapigilia kigingi kwa nguvu. Nadhani alivutiwa.

Jumapili, 15 Juni
Mandazi sita mezani. Saa kumi mlango ukagongwa. Nikaruka!

Kiplangat. Vigingi kumi na moja mikononi. Kimoja alikikuta zizini, ng'ombe amekigomea, hataki kukamuliwa. Akasema Cheptoo haji, leo wala siku nyingine. Nikamkaribisha chai yeye. Akakataa.

Nimeosha vikombe viwili. Kimoja hakikuwa kichafu. Upweke unauma jamani, hasa Jumapili.

Jumatatu, 16 Juni
Bwana Mokaya amefoka. Mashine zilikubaliana, alisema, kwa sababu ishara zilezile zilizidanganya zote mbili. Ningezilinganisha na bikoni ningeliona kosa. Adhabu: nikae bikoni peke yangu wiki nzima. Vigingi atashika Kipkirui. Cheptoo amerudi kwenye mizani. Nilimsalimia akaendelea kupima majani.

Nimetafakari sana. Nimejifunza. Kosa haliko angani, wala kwangu. Bikoni yenyewe ndiyo imehama! Simenti kuukuu namna ile, nani anaiamini?

Nimeandika barua ofisini: bikoni ichunguzwe mwezi mzima, mchana kutwa, kwa macho. Kazi ya watu wawili, waketi karibu. Nimempendekeza Cheptoo. Kesho napanda kilimani na vikombe vyote viwili.