Pazia la Bi Tufani

Jumatatu, 3 Machi

Nimetoka kuangalia filamu ya katuni. Mtu mzima mimi, fundi cherehani mwenye miwani, katikati ya watoto wanaotafuna bisi. Sijali! Inaitwa "Bi Tufani: Chanzo", na imetokana na vile vijarida vya katuni ambavyo mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinisomea kwa sauti huku nikishona. Wahusika wote aliwaigiza yeye, hata radi.

Kwenye vijarida hakuna panaposema Bi Tufani alipata wapi joho lake jekundu. Mke wangu alishikilia kuwa ni pazia. Nikamwambia pazia haliwezi kulala begani vile. Akanijibu kuwa fundi wa suruali atajua nini mambo ya kuruka.

Leo nimeona kwa macho yangu. Upepo unaezua nyumba, msichana anachomoa pazia la sebuleni, anamfunga mdogo wake mgongoni, anaruka. Pazia! Nikapiga makofi peke yangu. Mtoto wa kiti cha mbele akamwambia mama yake kuna babu analia.

Jumamosi anakuja shemeji, mdogo wa kike wa marehemu. Wale wawili walikua wakinyang'anyana vijarida hivyo kwenye kitanda kimoja. Tangu mazishi shemeji hajacheka. Kwenye simu anaongea kama msomaji wa taarifa ya habari. Lazima aione hii!

Tatizo ni mama mwenye ukumbi na utaratibu wake. Ameweka ubao na chaki mlangoni, kila mtazamaji anaandika maoni akitoka. Alhamisi anayasoma mbele ya watu. Yakiwa mabaya, Ijumaa filamu inaondoka. Maoni ya kwanza kabisa leo ni ya kinyozi, jirani yangu ukuta kwa ukuta: "Wameiharibu. Kwenye tufani nywele hazikai hivyo."

Nywele! Mtu anapaa angani, yeye anaangalia nywele.

Jumanne, 4 Machi

Nina mpango. Rahisi, safi, hauna madhara kwa mtu.

Nimeingia ukumbini saa za mchana watu wakiwa wachache, nikaandika maoni kwa niaba ya wananchi mbalimbali. Muuguzi mmoja amependezwa sana. Dereva wa lori naye hakujutia muda wake. Mwanafunzi wa chuo, nahodha mstaafu, bibi mwenye wajukuu. Kila mmoja nimempa mwandiko wake. Wa nahodha nimeulaza upande kama chombo kwenye mawimbi. Bibi nimemtetemesha kidogo.

Nimerudi dukani natembea kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Kinyozi akaniuliza mbona vidole vyangu vina chaki. Nikamwambia mimi ni fundi, chaki ndiyo kazi yangu. Jibu zuri sana! Yeye akacheka tu.

Jumatano, 5 Machi

Kinyozi ana njama! Kila anayekaa kwenye kiti chake anasomewa makosa ya filamu hadi anyanyuke. Utamtoroka vipi mtu aliyeshika wembe shingoni pako? Wanaume watano wenye vichwa vinavyong'aa wamekwenda moja kwa moja ukumbini, wakaangalia, wakaandika kuhusu nywele. Mmoja wao hana hata unywele.

Basi na mimi nikawatumia wateja wangu. Nimewaambia atakayeiona filamu na kuisifu nitamtanguliza kwenye foleni. Wamekubali haraka, wengine kabla sijamaliza kusema. Nikajiona mjanja.

Jioni nimepita kusoma ubao. Mteja wangu mmoja, mama mkali wa mtaa wa nyuma, ameandika hivi: "Fundi ameniambia niseme ni nzuri. Ni nzuri. Suruali ya mume wangu iko wapi?"

Nilijaribu kufuta kwa kiwiko. Mama mwenye ukumbi akakohoa nyuma yangu. Nikajifanya nakagua ukuta kama una unyevu.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu! Aibu yangu na ya cherehani yangu.

Watu walijaa mlangoni. Mama mwenye ukumbi akaanza kusoma kwa sauti, taratibu, kama hakimu. Muuguzi asema filamu inagusa moyo, hasa upindo wa lile joho, umekunjwa mara mbili inavyotakiwa. Dereva wa lori asema amependa mbio zote, na mshono wa begani umetulia. Mwanafunzi asema ni funzo kwa vijana, ila kitambaa kile kingehitaji bitana kwa ndani. Kufikia kwa nahodha mstaafu watu walikuwa wameshikana mabega kwa kicheko. Bibi alipouliza kwa nini uzi haukulingana na rangi ya pazia, hata mimi nilicheka, nikakumbuka kuwa bibi ni mimi.

Mama mwenye ukumbi akavua miwani. Akaniuliza, fundi, kuna mtu mwingine aliyeandika humu? Kwa hesabu yake anayesifu ni mimi peke yangu, na wanaolaani ni kinyozi na vipara vyake. Filamu inaondoka.

Hapo nikaropoka. Nikasema shemeji anakuja Jumamosi. Nikasema mke wangu alijua ni pazia kabla waliotengeneza filamu hawajajua, na mimi nikambishia miaka yote, na aliyebaki wa kumwambia kuwa alikuwa sahihi ni mdogo wake peke yake. Nikaanza kutafuta kitu mfukoni. Sikuwa na kitu mfukoni.

Kinyozi, kinyozi huyohuyo, akamwambia mama mwenye ukumbi asiiondoe. Akasema bado hajamaliza kuikosoa, anahitaji kuiona tena kwa makini. Vipara vikaitikia. Mama akasema haya, mpaka Jumatatu, na kwamba mtaa huu utamuua.

Sijui kama nimshukuru kinyozi. Nitafikiria.

Jumamosi, 8 Machi

Shemeji kafika. Kakonda. Nilimwambia tunakwenda ukumbini, akasema, "Shemeji, mimi sina moyo wa katuni." Nikamwambia ni muda mfupi tu. Uongo. Ni ndefu.

Nusu ya kwanza alikaa wima kama anasubiri kuitwa kwa daktari. Kinyozi kiti cha nyuma anaguna kila nywele zikipita. Upepo ukaanza. Msichana akapeleka mkono wake kwenye pazia. Shemeji akanibana mkono, akasema kwa sauti ukumbi mzima ukasikia, "Si alisema! Si alisema, shemeji!"

Nikamwambia ndiyo, alisema. Alikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekosea.

Akacheka. Kile kicheko cha kwao, kinachoanzia puani! Sikukisikia mwaka mzima. Halafu akalia, halafu akacheka tena, na kinyozi akampitishia taulo lake la kazi. Lilikuwa safi, nakiri.

Tulipotoka akachukua chaki. Nikasubiri sifa. Akaandika: "Muziki una kelele. Pazia ni kweli. Nywele si kweli."

Kinyozi alimpa mkono kama balozi. Wakasimama pale wakiichambua filamu mpaka miguu ikaniuma. Msaliti ndani ya familia!

Jumapili, 9 Machi

Filamu inaonyeshwa mara ya mwisho kesho mchana. Basi la shemeji linaondoka kesho asubuhi. Nimemwomba abaki, akasema kazi inamsubiri na gauni lake la safari ameshalitundika.

Gauni.

Alipokwenda kuoga nimelishusha na kufumua zipu yake yote. Kazi safi, uzi hata mmoja haukukatika ovyo. Alipotoka nikamwonyesha kwa huzuni. Nikamwambia vitambaa vya siku hizi bwana, vinaachia tu vyenyewe, na zipu ya aina hii ni ya kushonwa polepole, haiwezi kuwa tayari kabla ya kesho jioni.

Akalitazama gauni. Akanitazama mimi. Akatazama kifumulio mkononi mwangu, ambacho nilikuwa nimesahau kukiweka chini. Akasema, "Pole na kazi, shemeji. Usiharakishe." Kisha akapiga simu kazini, halafu akaniuliza onyesho la kesho linaanza saa ngapi, akamwambie kinyozi atushikie viti.

Hakushtuka hata kidogo! Uso wangu unajua kutunza siri. Naona nilikosea tu kutumia chaki. Mipango yangu inafaa zaidi kwenye nguo.