Mgombea Mwenza Asiyejua Kuendesha

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nagombea urais! Si wa nchi. Ule una wenyewe, na picha zao zimejaa kila nguzo ya umeme hapa Arua. Wangu ni wa Chama cha Madereva Wakongwe wa Barabara ya Juba. Wanachama arobaini na sita, nusu Arua, nusu Koboko. Mzee Yengi amejiuzulu baada ya miaka tisa, magoti yamegoma. Uchaguzi Jumamosi ya wiki ijayo, kule Koboko.

Kwa nini nautaka? Nitasema kweli, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Tangu macho yaharibike, na Kulusum mke wangu akamrudishia tajiri funguo za lori bila kuniuliza, imetimia miaka mitatu hakuna aliyeniita Dereva. Zamani nikishuka tu kwenye lori, mtaa mzima: Dereva! Dereva Muzamili! Leo sokoni muuza nyanya kaniita "yule mzee wa Kulusum". Nimerudi nyumbani bila nyanya. Roho imeniuma, wallahi.

Mpinzani wangu ni Dumo. Aliendesha tangi la mafuta. Ana tumbo, na anacheka na kila mtu. Mtu hatari.

Jumanne, 4 Novemba

Katiba yetu inataka rais na makamu wapigiwe kura pamoja. Uganda hatuna mambo hayo, lakini wenzetu waliokuwa wakienda Mombasa walisikia ya Wakenya wakayapenda. Basi natafuta mgombea mwenza.

Bahati! Mchana redio ya Wakenya imemleta mtaalamu kueleza mgombea urais amchagueje mwenzake. Kwanza, atoke pale ambapo wewe huna kura. Pili, asifanane nawe, ili kila mtu ajione. Tatu, na hili kalisema mara mbili: asikitamani kiti chako. Nimeandika yote nyuma ya kalenda.

Mimi kura zangu ziko Arua. Nikampigia Lado wa Koboko. Akauliza makamu hufanya kazi gani. Nikamwambia hukaa kimya kando ya rais. Akasema kazi hiyo anayo tayari nyumbani kwake. Akakata simu.

Jumatano, 5 Novemba

Nimekwenda Aroi kwa Celestino. Dereva hodari sana enzi zake, hakuna mlima uliomshinda. Amekubali upesi mno. Kabla chai haijapoa alikuwa ananifundisha kusimama. Halafu kunyamaza. Halafu akaanza kusema "siku ukiugua, mimi nikikaimu". Siumwi! Nimemwachia chai yake.

Njiani, nyuma ya boda, akili ikafunguka. Mtaalamu wa nini? Sisi madereva tulilijua jambo hili kabla redio haijanunuliwa betri. Dereva alimchaguaje taniboi, yule msaidizi wake wa lori? Si kwa misuli. Ulichagua asiyejua kuendesha na asiyetaka kujua. Taniboi akishajua gia, siku moja tu ukichelewa tajiri anampa usukani, na wewe unarudi kulima muhogo.

Na mimi nilikuwa na bora kuliko wote. Severino! Miaka ishirini na miwili kando yangu, hakuwahi kugusa hata honi. Tena anakaa Koboko. Tena Mkatoliki na mimi Mwislamu. Mtaalamu na madereva wote wameridhika.

Ee, siku zile! Lori letu la Bedford la kijani, magunia ya chumvi, vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Kuna mwaka mvua ilitukwamisha Kaya, ng'ambo ya mpaka, siku tisa. Chakula muhogo tu. Asubuhi muhogo, mchana muhogo, na jioni Severino anajifunga taulo kiunoni kama mhudumu wa hoteli, anatangaza kwamba leo kuna muhogo. Tulicheka mpaka askari wa kizuizi wakaja kuuliza kuna nini. Sijacheka hivyo tena. Nimekaa hapa na kalamu, natamani hata ule muhogo.

Alhamisi, 6 Novemba

Koboko. Severino sasa anatengeneza baiskeli mbele ya nyumba yake. Amezeeka! Nywele nyeupe tupu. Kaniona, kaacha tairi, kanishika mikono yote miwili. Hakuuliza urais ni wa nini. Ameuliza kama nakula vizuri.

Nimemweleza masharti. Asihutubie. Asiahidi kitu. Asimame kushoto kwangu. Akasema ni kama zamani tu, upande ule ule. Katiba inaruhusu madereva na wasaidizi wao. Kifungu cha wasaidizi nilikipinga mimi mwenyewe mwaka tulioandika katiba, kwa sauti kubwa. Namshukuru Mungu nilishindwa.

Nyota njema huonekana asubuhi.

Jumapili, 9 Novemba

Kampeni imeanza. Nyumba ya kwanza Ayivu, kwa Santo aliyekuwa akibeba tumbaku. Hotuba mfukoni, kurasa tatu. Sijakohoa bado, mkewe Celestina katoka jikoni mbio, mikono imejaa unga, anapiga vigelegele: Severino! Severino!

Kumbe gauni lake la harusi lilitoka Kampala kwenye lori letu, mwaka tisini na nne. Severino alilitia ndani ya pipa tupu, akafunga mdomo wa pipa kwa kitambaa kilicholowa, ili vumbi lisipite. Lilifika jeupe. Picha ikaletwa. Majirani wakaitwa. Nikasema lori hilo nililiendesha mimi. Celestina akaniangalia kwa adabu, akamuuliza Severino mzee huyu ni nani.

Severino kainua kichwa. "Huyu iko dereva yangu," akasema.

Nilifurahi na kukasirika pamoja.

Nyumba nne, mambo yale yale. Huku alileta dawa ya mtoto, kule alisoma barua ya mtu aliyeko Yei, pale alimbeba mbuzi mapajani toka Oraba. Mimi nilikuwa wapi siku zote hizo? Nimelala ndani ya kabini. Dereva lazima alale!

Ikabidi nitoe hadithi yangu kubwa, ile ya mwaka tisini na nane. Malaria kali, matope hadi kwenye mhimili, na mimi nikaleta lori kutoka Kaya hadi Koboko bila kujitambua. Ya njiani siyakumbuki kabisa; mikono ilijiendesha yenyewe. Hapo walinisikiliza wote. Severino alikuwa anaangalia kikombe chake. Ameisikia mara nyingi mno, maskini.

Jumanne, 11 Novemba

Koboko leo. Nimemwamuru Severino anyamaze kabisa. Kanyamaza. Watu wakasema tazama unyenyekevu wake.

Kwa Lado nikamwambia asubiri nje. Baada ya dakika kumi Lado alitoka kumsalimu. Halafu mkewe. Halafu wageni. Nimehutubia paka.

Jumatano, 12 Novemba

Mambo! Severino kapiga simu. Dumo alimwendea jana, anamtaka awe makamu wake. Kamwambia hapana, ana dereva wake.

Kwa nini ananiambia? Mtu asiye na lake jambo angenyamaza. Nimelipima kila upande. Kikulacho ki nguoni mwako. Nimemweleza Kulusum. Akasema mtu anayemkataa mwingine kwa ajili yako huitwa rafiki, na niache kumsumbua, anasonga ugali. Hajui siasa.

Nina dawa. Jumamosi, kabla ya kura, nitawakumbusha kwa upole kwamba Severino hajawahi kushika usukani. Wampende, sawa, lakini wajue nani alikuwa dereva.

Jumamosi, 15 Novemba

Naandika nikiwa kwa Severino. 

Mkutano ulikuwa kwenye kibanda cha chai cha Elena, hapo hapo maegesho ya malori Koboko. Elena amewauzia madereva chai tangu tukiwa na meno yote. Wanachama arobaini na mmoja wamefika. Yengi kaongoza, magoti juu ya kiti kingine. Dumo kahutubia, watu wakacheka. Zamu yangu. Nikatoa hadithi ya malaria, na leo niliitoa vizuri kuliko siku zote. Kisha nikatia dawa yangu. Nikasema ndugu yetu Severino nampenda, lakini hata siku ile ya shida hakuweza kunisaidia, kwa sababu kuendesha hajui.

Elena kaweka birika chini.

Akauliza mbele ya watu wote: dereva gani? Akasema siku ile lori lilisimama pale, akaonyesha kwa kidole, na aliyeshuka upande wa usukani alikuwa Severino, anatetemeka mwili mzima. Mimi nilitolewa nyuma, katikati ya magunia, nimefungwa kwenye turubali nisianguke. Maji kichwani alinimwagia Elena mwenyewe. Na Severino akapiga magoti, akamwomba aseme dereva ndiye aliyeleta lori, la sivyo tajiri atanifukuza. Akasema siri hiyo ameitunza miaka ishirini na saba, na angekufa nayo, lakini mtu huyu hatatukanwa mbele ya chai yake.

Nikamtazama Severino. Yeye anatazama chini.

"Hiyo mambo iko ya zamani," akasema. "Tuache tu."

Lo! Miaka yote hiyo! Nimeisimulia sokoni, nimeisimulia matangani. Kwenye harusi ya binti yangu mwenyewe niliisimulia kwa kipaza sauti, na Severino alikuwa meza ya mbele, anapiga makofi!

Santo akasimama. Akapendekeza jozi yetu igeuzwe: Severino rais, Muzamili makamu. Yengi kafunua katiba, kasema haikatazi. Severino akakataa. Akasema hawezi kupanda mpaka dereva wake akubali. Nyuso zote zikanigeukia. Ningefanya nini? Nikaitikia kwa kichwa, mara moja, kidogo.

Kura thelathini na tatu kwa nane. Dumo ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi. Bado ni mtu hatari.

Jumapili, 16 Novemba

Asubuhi nilimkuta Rais anajaza upepo tairi la baiskeli ya jirani. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema dereva mwenye aibu hukanyaga breki vibaya, na aliyekaa kando yake ni yeye.

Nikamuuliza alijifunzia wapi. Akasema miaka tisa alikuwa anaitazama miguu yangu. Hakuwa na kitu kingine cha kutazama, kioo kilikuwa kimejaa vumbi. Siku ile aliifuata miguu yangu tu kichwani, na pale nilipozoea kukosea gia, yeye pia akakosea.

Tukacheka. Tulicheka kama Kaya, mpaka jirani akaja kudai baiskeli yake. Halafu nikalia. Naandika nilivyofanya: nililia, mzee wa miaka sitini na saba. Nilililia lori, nikalilia barabara ya vumbi, nikalilia vijana wawili wajinga waliokuwa mle ndani. Lile lori niliambiwa liliuzwa vipande vipande. Hata mlango mmoja sijui uko wapi.

Severino akanisogezea kikombe. "Dereva, kunywa chai," akasema.

Rais wa chama, ameniita Dereva! Nimelala kutwa nzima kwa furaha.

Jumanne, 18 Novemba

Nimerudi Arua na nimefikiri kwa utulivu. Umakamu si kitu kibaya. Lakini muuza nyanya leo hakuniita Makamu. Hajui hata kama upo.

Uchaguzi mwingine ni baada ya miaka miwili. Nilikosea wapi? Kanuni haikukosea. Mgombea mwenza lazima awe mtu asiyejua kuendesha. Mimi sikupeleleza ya kutosha, basi. Na sasa naongeza la pili: asijulikane na mtu yeyote.

Nimempata! Anaitwa Kenyi, anatengeneza simu nje ya soko. Amefika wiki tatu zilizopita kutoka Kajo Keji. Hajui mtu Arua, hajui mtu Koboko. Nimemuuliza mara mbili kuhusu kuendesha. Hata baiskeli hawezi. Si mwanachama, lakini katiba tutairekebisha. Kulusum kasikia hayo, kaenda kuanua nguo.

Tatizo moja dogo. Mtu asiyejulikana hapigiwi kura. Basi nimempigia Rais, nikamwomba amchukue Kenyi, amtembeze nyumba kwa nyumba, amfundishe majina ya watu wote na watoto wao. Severino amefurahi mno. Amesema kijana aje kesho. Tena, kwa kuwa Santo bado ana lori moja bovu uani ambalo injini yake inawaka, atamfundisha pia kuendesha.

Nimemshukuru sana.