Hulipi Mpaka Uridhike

Shida ilikuwa hii: mshauri wa familia zinazohamia pwani alikuwa hajawahi kuiona bahari.

Kwa miaka miwili jambo hilo halikumnyima usingizi. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la nakala na picha za pasipoti. Ukutani alikuwa na bahari kumi na mbili, moja kwa kila mwezi, alizozikata kwenye kalenda ya bure ya kiwanda cha rangi. Alikuwa na meza, viti viwili, tai moja, na viatu vya ngozi vilivyong'aa mpaka ukiinama unaona dari. Mtaa mzima ulimwita Mshauri, naye alilipokea jina hilo kama mtu anayepokea shahada.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Wazazi wenye watoto wadogo, waliochoshwa na vumbi na honi, walipanda ngazi na ndoto yao ya mji mtulivu kando ya maji. Mshauri aliwauliza umri wa watoto, akatikisa kichwa kwa huruma kama daktari aliyeona majibu ya vipimo, kisha akawachagulia mji. Aliwaonyesha Machi au Agosti, kulingana na unene wa pochi. Wakalipa pesa ya kushikiwa nyumba. Baada ya wiki mbili nyumba ilikuwa imechukuliwa na mkubwa fulani, samahani sana, na pesa imekwama kwenye makaratasi. Watu walinung'unika, wakachoka, wakarudi kwenye vumbi lao.

Chambo chake kilikuwa maandishi mekundu mlangoni: HULIPI HATA SENTI MPAKA URIDHIKE. Uzuri wa maneno hayo ni kwamba yalimtia mtu haya. Mteja akiyasoma alijiambia, huyu bwana ni mwaminifu, ngoja nimlipe leo leo asije akadhani mimi tapeli. Katika miaka miwili hakuna aliyeyachukua maneno yale kama yalivyoandikwa.

Mpaka alipokuja Mwalimu.

Alikuwa mama mfupi, mwenye miwani na daftari la jalada gumu, na kalamu nyekundu imechomekwa kwenye nywele. Nyuma yake alikuja mumewe, fundi saa, mtu mkimya aliyezoea kuzungumza na vitu vidogo, na nyuma ya mume watoto watatu: binti wa miaka saba na mapacha wa miaka minne. Mapacha walikwenda moja kwa moja kwenye tai ya Mshauri.

"Tunataka kuhama," alisema Mwalimu. "Mji wa pwani, unaofaa watoto wadogo. Pesa ya nyumba tunayo. Tumeuza kiwanja."

Mate yakamjaa Mshauri mdomoni. Akayameza kwa heshima. "Mama, hapo umefika. Miji mitatu ya kufaa ninayo. Nyumba hatua ishirini kutoka majini. Kushika nyumba ni milioni nne tu."

"Nimesoma pale mlangoni. Hatulipi mpaka turidhike."

"Hata senti, mama."

"Vizuri. Ndani ya chumba hiki siwezi kuridhika. Nitaridhika nikiiona miji yenyewe, yote mitatu, nikiwa na watoto. Shule zinafungwa Ijumaa. Tunaondoka lini?"

Mshauri alicheka. Mwalimu hakucheka. Mume aliangalia saa yake, kama mtu ambaye basi lake limeshafika.

"Na nauli?" aliuliza Mshauri kwa sauti ndogo.

"Baba watoto," Mwalimu alimgeukia mumewe, "pale mlangoni palikuwa na neno nauli?"

"Hapakuwa," alisema Fundi Saa.

Mtu mwenye akili angewasindikiza mpaka chini na kuwatakia heri. Lakini milioni nne zilikuwa zimeshakaa kichwani mwa Mshauri, zimevua viatu na kunyoosha miguu.

Tatizo, hata nauli ya mtu mmoja hakuwa nayo. Nyumbani kwake, chumba cha kupanga kilichobanana na karakana ya mbao, palikuwa na kopo la maziwa ya unga, na ndani ya kopo palikuwa na laki nne. Mkewe alizikusanya kwa kushona sare za shule. Binti yao mdogo, wa miaka mitano, alikuwa akikohoa kwa sababu ya vumbi la mbao, na mganga wa zahanati alisema mtoto atolewe pale, apelekwe penye hewa safi, ikiwezekana pwani. Ndiyo, pwani. Mume anahamisha watu kila wiki, na mwanawe anameza unga wa mbao. Mkewe alikwisha kulisema hilo mara nyingi, na si kwa sauti ya chini.

Ijumaa asubuhi, mkewe alipokwenda kupeleka sare, Mshauri alichukua kopo, akaacha karatasi mezani: "Nimesafiri kikazi. Zitarudi mara kumi."

Safari ya kwanza ilikuwa ya basi, mwendo wa saa sita, mapacha wakimlalia mapajani. Waliposhuka kona ya mwisho, bahari ikajitokeza.

Mshauri alisimama. Alikuwa amejiandaa kwa kitu cha ukubwa wa kalenda.

"Mjomba, mbona unatetemeka?" aliuliza binti.

"Nimeimiss tu," alisema Mshauri, na machozi yakimlengalenga.

Mwalimu alimtazama, akafungua daftari akaandika kitu kifupi.

Mji wa kwanza ulikuwa wa bandari. Mshauri aliusifia mpaka koo likakauka: shule hizi hapa, soko hili hapa. Mwalimu alihesabu malori. Alisimama kando ya barabara inayotenganisha nyumba na ufuko, akahesabu malori arobaini na moja ndani ya robo saa. "Mtoto wa miaka minne akifuata mpira hapa," alisema, "hatuna mtoto tena. Sijaridhika."

"Twende wa pili," alisema Mshauri, na kununua tikiti sita.

Walifika mji wa pili alasiri, maji yamejaa mpaka kwenye ngazi za nyumba ya wageni. Mshauri alinyoosha mkono kama mwenye mali. "Hatua ishirini, mama. Hesabu mwenyewe." Wakahesabu. Zilikuwa kumi na tisa. Kwa furaha akanunua samaki wa watu sita, maembe, aiskrimu, na maboya matatu ya kuogelea yenye sura ya bata.

Asubuhi aliamshwa na binti. "Mjomba, maji yameenda wapi?"

Mshauri akatoka nje, macho yakamtoka pima. Bahari haikuwepo. Palikuwa na tope, majani, na mashua zimelala ubavu kama walevi. Kwa mazoea ya kazi yake, wazo la kwanza lililomjia ni kwamba maji yameibiwa.

"Eeh," alisema, akijikaza. "Baraza la mji huyatoa mara moja kwa wiki. Usafi."

Fundi Saa, ambaye hakuwa amefungua kinywa tangu stendi, alitazama saa yake, akatazama upeo. "Yatarudi saa tisa na robo," alisema.

Yakarudi saa tisa na robo.

"Baraza lao liko makini sana," alisema Mwalimu, akiandika, na mabega yakimtikisika kidogo. "Lakini nusu siku watoto wanacheza kwenye tope lenye vyupa. Sijaridhika, Mshauri. Ila nimekaribia."

Neno "nimekaribia" lilimtia Mshauri nguvu kuliko chakula. Usiku alilala chumba kimoja na Fundi Saa ili kubana matumizi, na alihesabu noti zilizobaki kwa vidole, chini ya shuka. Laki moja na nusu. Hapo unaweza kuuliza, kwa nini hakuingia mitini? Kwa sababu mtu akishapanda sana kwenye mti wa mwenzake, kushuka mikono mitupu kunauma. Na mapacha walikuwa wameshaanza kumwita mjomba wetu.

Mji wa tatu ulikuwa mdogo, mtaa mmoja na nusu. Hakuna kilichokuwepo cha kusifia, kwa hiyo Mshauri alinyamaza, na kwa mara ya kwanza akaangalia. Mchanga uliteremka taratibu. Mtoto aliingia hatua hamsini na maji bado yako magotini. Malori hayakufika. Shule ilikuwa na kivuli na ua wenye lango. Kulikuwa na nyumba tupu yenye kibao cha kupangisha, na Mshauri alimpa mlinzi kitu kidogo awafungulie, kisha akatembea ndani akigonga kuta kama mwenye nyumba.

"Hii ndiyo," alisema Mwalimu polepole. "Kweli, hii ndiyo."

Milioni nne zikasimama kichwani mwa Mshauri na kuvaa viatu.

Hapo hapo kikasikika kilio ufukweni, walikokuwa wakicheza watoto. Pacha mmoja alikuwa amekanyaga kitu chenye miiba, na mguu unavimba. Mwalimu alipiga hatua, lakini Mshauri alikuwa ameshamnyanyua mtoto, tai begani, viatu vya ngozi vimejaa mchanga na maji, anakimbia. Alikimbia kwenye mchanga, akapita soko, akaingia zahanati akihema kama injini mbovu. Alimshika mtoto mkono mpaka mwiba wa mwisho ukatoka, akamwimbia wimbo anaomwimbia binti yake kikohozi kikizidi. Akalipa dawa. Alipogeuka, Fundi Saa alikuwa mlangoni, saa mkononi.

"Dakika nane," alisema.

"Nini?"

"Kutoka ufukweni mpaka kwa daktari. Mama watoto atataka kujua."

Jumatatu walirudi mjini. Stendi, katikati ya mizigo na makelele, Mwalimu alimwita pembeni, akamkabidhi bahasha ya kaki, nene, iliyofungwa kwa gundi pande zote.

"Kila kitu kimo humu. Usifungue hapa. Unawajua watu wa stendi."

Mshauri aliwajua. Wawili alikuwa amefanya nao kazi. Akaisokomeza bahasha kifuani, akawakumbatia mapacha mpaka wakalalamika, na mmoja akamtia kombe la bahari mfukoni. Familia ikapotea kwenye umati, maboya ya bata matatu yakielea juu ya vichwa vya watu.

Nyumbani, mkewe alikuwa kwenye cherehani. Hakusimama. Kopo tupu lilikuwa katikati ya meza, mahali ambapo mtu yeyote angeliona.

"Karibu, mshauri," alisema.

"Mama watoto, kaa usikilize," alisema Mshauri, akaiweka bahasha kando ya kopo kwa kishindo. "Nilisema mara kumi. Fungua mwenyewe. Hesabu."

Mkewe alichukua mkasi, akakata, akamimina. Zilitoka karatasi za daftari, nyingi, zimekunjwa vizuri, zimeandikwa kwa wino mwekundu. Alizitikisa. Hakukuwa na kingine.

Mshauri akachungulia ndani ya bahasha, kisha ndani ya kopo.

"'Ripoti ya likizo,'" alianza kusoma mkewe, kwa sauti. "'Ndugu Mshauri, wewe ni wa nne. Kila shule zikifungwa tunatafuta mmoja. Wa kwanza alikuwa mchoyo, wa pili alitupeleka ziwani, wa tatu alikimbia siku ya pili na kutuachia bili. Kiwanja hatujawahi kuwa nacho. Kwa mujibu wa mlango wako, hulipi mpaka uridhike. Sisi tulikaribia sana kuridhika, lakini maji ya mji wa pili yalituvunja moyo. Hivyo hatudaiwi kitu. Bahari haitolewi na baraza, muulize mtu yeyote.'"

Kona ya mdomo wa mkewe ilianza kucheza, akaizuia.

"'Chakula: hakujua bei, tulikula vizuri. Uongo: una juhudi. Watoto: amembeba mwanangu wa kilo kumi na tano kwa dakika nane bila kuulizwa. Jumla, tisa juu ya kumi.'"

"Tisa?" Mshauri aliinua kichwa. Hakuweza kujizuia. "Moja imekwenda wapi?"

"'Kukoroma. Mume wangu hajalala siku tatu.'" Aliweka karatasi chini. "Huyu ni mwalimu kweli."

Kisha akasoma zilizobaki kimya, na hapo sura yake ikabadilika. Zilikuwa kurasa sita za miji mitatu: malori kwa robo saa, kina cha maji kwa hatua, kivuli cha shule, hata kodi ya ile nyumba tupu na jina la mwenyewe, ambalo Fundi Saa alikuwa amelipata kwa mlinzi. Kwa miaka miwili ofisi ya Mshauri haikuwahi kutoa karatasi moja ya kweli. Sasa ilikuwa nayo, na ilifaa familia yenye mtoto mwenye kikohozi.

"Wa tatu," alisema mkewe. "Tunahamia huu wa tatu."

"Kwa pesa gani, mke wangu?"

"Hilo utaniambia wewe. Mimi nimeridhika, na wewe utalipa."

Binti yao alitoka nyuma ya pazia, akakohoa, akalichomoa kombe mfukoni mwa baba yake na kulitia sikioni. "Baba, bahari ikoje?"

Mshauri alikuwa ameielezea bahari kwa watu mia mbili. Alifikiri sana.

"Kubwa," alisema. "Inaondoka asubuhi, saa tisa inarudi."

Walihama shule zilipofungwa tena kwa likizo kubwa. Iligharimu hivi: laki nne za kwenye kopo, zilizokwenda na bata, laki nne nyingine za kulijaza upya, meza moja, viti viwili, tai moja, na viatu vya ngozi ambavyo chumvi iliviharibu vikauzwa bei ya ndala, miezi saba ya kupiga msasa kwenye karakana ile ile ya mbao, saa kumi na moja kwa siku, kitambaa puani, na alama moja juu ya kumi, ambayo mpaka leo inamuuma kuliko gharama hizo nyingine zote.