Gari Lililofika Kabla ya Meli

Jumatatu, 6 Mei

Inatangazwa rasmi kwa umma, yaani mimi na daftari hili, kwamba leo saa nne na robo asubuhi soketi ya nje imefungwa ukutani, chini ya dirisha la chumba changu cha kushonea. Fundi umeme kapewa chai. Mke wangu kaitwa kuishuhudia. Kasema ameiona, karudi kufua.

Gari langu la umeme bado liko majini. Wakala aliyeniagizia anasema wiki tatu. Subira yavuta heri, sina presha. Presha ni nafasi! Nimepima kwa utepe wangu wa fundi cherehani: waya wa kuchajia unafika mahali pamoja tu uwanjani kwetu, na hapo pamekaliwa na pikapu ya Mstaafu, jirani yangu aliyeendesha malori miaka thelathini. Pikapu yenyewe inavuja oili kama pua ya mtoto. Nisipopapata hapo, nitakuwa na gari la kutazama tu.

Kumwomba? Mtu mzima huyo, atanikatalia. Lazima akili itumike.

Jumatano, 8 Mei

Pikapu imepelekwa gereji. Nafasi wazi! Nimetoa viti sita vya sebuleni, meza ya kupigia pasi na mabeseni mawili ya kufulia, nikavipanga, nikavifunika kwa turubai la kijivu nililolishonea gari mapema. Kwa mbali, gari. Kwa karibu, gari lenye goti.

Jioni Mstaafu karudi. Kalizunguka mara moja. Kanipa mkono wa hongera, kaenda kuegesha getini, juani. Kauliza limeingiaje na yeye hajasikia kitu. Nikamjibu kuwa magari ya umeme hayana sauti. Ni kweli kabisa! Sikusema limefika. Watu wasichanganye mambo.

Alhamisi, 9 Mei

Habari imeenea. Mama wa duka la kona kanilalamikia mbele ya wateja: eti alfajiri nimempita na gari langu jipya, kimya kimya, hata salamu sikumpa. Nimemwomba radhi. Ningefanyaje? Kanisamehe, ila kasema nisiendeshe kwa kasi vile.

Mke wangu anadai viti vyake. Tumekula tumesimama. Kasema hajaolewa ili ale chakula chake kama abiria anayesubiri basi.

Ijumaa, 10 Mei

Balaa. Mama mkwe kapiga simu. Kasikia. Kesho ana miadi ya macho hospitali, na wenzake wote kashawaambia atapelekwa na mkwewe kwa gari lisilo na sauti. Kasema, mwanangu, mimi sijawahi kukuomba kitu. Na kweli hajawahi. Hapo ndipo paliponiuma.

Mpango: nitamwambia betri imeisha kwa sababu umeme umekatika. Nakesha nikiombea ukatike. Wiki nzima haujawahi kuwaka vizuri namna hii!

Jumamosi, 11 Mei

Kaja saa mbili, kavaa nguo ya sikukuu, mkoba begani. Kakataa chai. Kasema atanisubiri ndani ya gari. Kabla sijafungua kinywa, kainua pembe ya turubai, kainama, kaingia.

Mara sauti kutoka ndani: viti vyake ni kama vya nyumbani kwa binti yangu.

Nyuma yangu kasimama Mstaafu. Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Mengine nitaandika kesho.

Jumapili, 12 Mei

Sasa ukweli, kama ulivyotokea. Mama mkwe alicheka mpaka akashikwa na kikohozi, beseni moja mapajani. Mstaafu hakucheka. Aliniuliza kwa nini. Nikamweleza: waya, dirisha, vipimo. Akasema, fundi, si ungeniambia tu? Yeye anaegesha pale kwa mazoea, na pikapu iliyozeeka namna ile jua halina la kuifanya. Nafasi chukua, akasema. Akamfungulia mama mkwe mlango wa pikapu, akampeleka hospitali. Mimi nilipanda nyuma, nimekumbatia tairi la akiba. Huko mbele walicheka njia nzima. Daktari alimwambia macho yake mazima. Akamjibu kwamba analijua hilo, tangu asubuhi ameona mengi.

Viti vimerudi sebuleni. Leo tumekula tumekaa. Mke wangu kasema natumaini umejifunza: shida isemwe, watu si wabaya. Nimekubali kwa moyo mmoja. Hakika nilikuwa na furaha.

Baadaye nikaenda kumshukuru Mstaafu. Nikamkuta ameshapafagia pale, hata pembeni, na madoa ya oili kayafunika mchanga. Kauliza gari linafika lini, akae getini alipokee. Asubuhi wakala alikuwa ameniandikia: meli imezungukia bandari nyingine, ongeza wiki nne. Nikafungua kinywa nimwambie. Nikautazama ufagio mkononi mwake.

Nikasema Jumatano.

Basi nina siku tatu. Shemeji yangu ana rafiki mwenye gari la rangi ileile ya langu. La petroli, linanguruma hadi mtaa wa pili, lakini haidhuru. Tutazima injini kwenye kona, tulisukume.