Nyumba ya Marehemu Aliye Hai

Leo nimeaibika, na karibu mtaa wote wa Maringo umeona. Nawaandikia nyinyi wanakwaya wenzangu mliokwenda nyumbani kwa Krismasi, msije mkasimuliwa na Mama Rhoda kwanza. Yeye ataongeza chumvi, na kisa chenyewe kimeshakolea.

Mnajua mimi ni mwoga. (Aliyekuwapo siku niliyokimbizwa na bata, tafadhali anyamaze.) Basi Jumapili Mama Rhoda, mwenyekiti wa akina mama, alisimama kanisani akasema sisi tuliobaki Nairobi likizo hii hatutakaa bure. Kila mmoja atajitolea kufanya kazi moja mtaani. Kuwatembelea wafungwa? Hapana, milango ile hufungwa kwa nje. Kuzibua mitaro? Mitaro ina panya. Halafu akataja kumsafishia nyumba Mama Dorkas, mjane wa Maringo, ambaye alikuwa amelazwa hospitalini na angerudi leo jioni. Nikainua mkono kabla hajamaliza. Nyumba tupu, ufagio, mchana kweupe. Ni nini kingenipata huko?

"Ndugu Hesboni," Mama Rhoda akaniambia, "ni mlango wa tatu kutoka kwa bomba la maji. Ufunguo uko chini ya mkebe wa maua."

Hakuniambia kwamba safu ile ya nyumba ina mabomba mawili, moja kila mwisho. Wala hakuniambia kwamba Maringo karibu kila mtu huficha ufunguo chini ya mkebe wa maua. Na nyumba za halmashauri mnazijua, milango yote ni rangi moja. Leo asubuhi nikahesabu kutoka bomba la kwanza nililoliona. Nikainua mkebe, ufunguo ukawa pale pale. Nikamshukuru Mungu nikaingia.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni picha ya mwanamume ukutani. Amesimama kando ya lori, amekunja mikono, shingo hana. Popote nilipokwenda macho yake yalinifuata. Nikaelewa mara moja kwamba huyu ndiye marehemu mume wa Mama Dorkas. Chini ya kitanda kulikuwa na buti zake zenye matope. Maskini mama, nikawaza, ameziweka hivyo hivyo kwa ukumbusho. (Matope yalikuwa mabichi. Hofu ikiingia kichwani, akili huhama.)

Mimi na marehemu hatuelewani, hata wale wa ukoo wetu. Nikampigia hodi mle mle ndani. "Hodi mzee, nimetumwa na kanisa." Kisha nikaanza kazi huku nikimwomba ruhusa kwa kila kitu. "Naanika godoro tu, mzee." "Redio nairudisha sasa hivi, mzee." Hakunijibu, na nilishukuru sana kwamba hakunijibu.

Kwa ujinga wangu nilikuwa nimevaa suruali ya Krismasi, ile ya miguu mipana. Nikaivua, nikaitundika kwenye msumari, nikajifunga kiunoni leso ya kike niliyoikuta nyuma ya mlango. Nikatoa vitu vyote nje ili nipate nafasi: godoro, redio, sanduku, viti, masufuria. Ukitazama kwa mbali utaona mtu anahamisha mali ya watu. Mimi sikutazama kwa mbali.

Nikapiga magoti na kopo la polishi nyekundu, nikasugua sakafu kona kwa kona kama mama alivyonifundisha. Ikaanza kung'aa. Mikono ikawa myekundu hadi kwenye viwiko, magoti pia. Jasho likanitoka, nikalifuta, na uso nao ukapata sehemu yake.

Hapo nikasikia filimbi.

Msimu huu watu wakienda mashambani wezi hufurahi, kwa hiyo waliobaki mtaani wamegawana filimbi za kuitana mwizi akionekana. Nilijua hivyo. Nikatoka mbio nikamwone mwizi. (Nilitaka kumwona kwa mbali, halafu nirudi ndani nijifungie.)

Nje walikuwa wamejaa watu, na wote walikuwa wananitazama mimi.

"Wewe kijana," akasema mama mmoja aliyekuwa na filimbi mkono mmoja na mwiko mkono wa pili, "unatoa vitu za watu unapeleka wapi?"

"Sipeleki, mama. Naanika."

"Redio inaanikwa?"

Nikaigeuza redio ielekee jua.

"Na mwenyewe yuko wapi?"

Sasa hapa, wenzangu, ulimi uliniponyoka. Nilitaka kumweleza kwamba mume wa Mama Dorkas alishafariki, na kwamba picha yake iko ukutani. Lakini maneno mengine hayakutoka. Nikanyoosha kidole chekundu kuelekea mlangoni nikasema, "Alikufa, mama. Yuko huko ndani."

Watu wakasogea karibu. Mama wa filimbi akaitazama mikono yangu, akatazama magoti, akatazama uso.

"Uui," akasema polepole. "Ameua Baba Kioko."

Jamaa mmoja alikuwa ameshika spana kubwa. Wengine nikawaona wanainama, na wakiinuka wana mawe. Hapa sifanyi mzaha, nilijua nakufa. Nilimwona mama yangu kule Kakamega akiletewa habari kwamba mwanawe amepigwa mawe kwa wizi, na hakuna hata mtu mmoja wa kumwambia kwamba nilikuwa napiga polishi. Nikajaribu kusema neno "polishi". Midomo ikagoma.

"Nani ameuawa?" sauti nzito ikauliza kutoka nyuma.

Watu wakapisha. Akaja mwanamume na begi begani. Kifua kile, macho yale. Shingo hana.

Wao walimwona Baba Kioko, dereva wa lori, amerudi kutoka safari. Mimi nilimwona marehemu ameshuka ukutani kufuata redio yake. Nikapiga yowe jembamba (sauti ya kwanza ya akina mama, na niliifikia bila shida), nikainua mikono yote miwili juu. Mkono mmoja ndio uliokuwa umeishikilia leso.

Leso ikaanguka.

Nikabaki na kaptura ya ndani, ile ambayo mama alinishonea kwa mfuko wa unga. Mbele haina neno. Lakini niligeuka nikimbie, na Maringo ikasoma makalioni mwangu, kwa herufi kubwa za buluu: UNGA SAFI DARAJA LA KWANZA.

Mama wa filimbi ndiye aliyeanza. Alikuwa ameirudisha filimbi mdomoni, kwa hiyo kicheko kikatoka kikilia vipande vipande. Jamaa wa spana akakaa kwenye godoro akishika mbavu. Nikasikia mawe yanaanguka chini, moja moja.

Baba Kioko hakucheka. Aliingia ndani, akakaa huko kwa muda. Alipotoka alikuwa miguu mitupu, viatu amevishika mkononi.

"Kijana, nani alikufundisha kupiga polishi?"

"Mama yangu, mzee."

"Bibi yangu anarudi Ijumaa. Nitamwambia ni mimi nilipiga. Wewe hukukuwa hapa." Akawageukia wengine. "Na nyinyi hamkukuwa hapa. Sasa wewe rudisha vitu zangu, na uvae suruali."

Nilirudisha vitu vyote, hata sufuria nikaiweka taratibu isilie. Nilipomaliza, mama wa filimbi akachukua kopo langu la polishi. "Twende nikuonyeshe mlango wa Mama Dorkas. Ukiachwa peke yako utaingia kwa chifu." Akaja na wenzake watatu na mifagio yao. Jioni Mama Dorkas aliporudi, sakafu yake ilikuwa inang'aa, akauliza kwa nini kila anayenitazama anauma midomo. Mama Rhoda alikuwa ameshapata habari zote kabla sijafika mtaani kwetu Jericho.

Sasa najua mtanicheka mkirudi, na siwakatazi. Chekeni kwa sauti, na mkiweza chekeni mapema, maana leo kicheko kimenifikia kabla ya jiwe la kwanza.