Nyimbo za Babu Zimegoma Kutoka Nyumbani

Jumatatu, 9 Juni
Erica, mjukuu wangu, huna haya! Tangu Pasaka hujakanyaga hapa kwangu Ipagala. Soma humu ukija, uone bibi yako alivyohangaika.

Simu ya marehemu babu yako imevimba betri. Imetuna kama chura wa masika. Ndani mna nyimbo zake arobaini, anaimba na zeze lake. Hazipo kwingine. Ludovick, mpangaji wangu wa wizarani, kasema zipelekwe ghala la mtandaoni kabla simu haijafa. Nikaelewa upesi. Mgogo halazi ng'ombe wote zizi moja. Wengine huwapeleka kwa rafiki, ukame ukija abaki na mbegu. Tukajaribu. Haukutoka hata wimbo mmoja.

Jumanne, 10 Juni
Mchawi nimemjua. Paulina! Jirani ananyonya intaneti yangu. Nikamfuata, nikamwambia aachie. Akajibu hajaionja tangu Mei, na kwamba mimi na uchoyo tumenyonya ziwa moja. Ziwa moja! Nimeondoka bila kuaga.

Jumatano, 11 Juni
Nimepandisha kisanduku cha intaneti juu ya banda la kuku, kipate upepo. Jogoo kakiangusha. Simu imezima mara mbili. Nimeipakata kama kifaranga mpaka ikawaka. Sikulia. Vumbi la Dodoma tu.

Alhamisi, 12 Juni
Ludovick kanipa shikamoo mbili. Nikajua kuna jambo. Akaniuliza kama nakumbuka Mei nilimwagiza aweke ukuta kwenye mtandao, Paulina asiingie. Nakumbuka! Na kwamba kitu kizito nacho kisitoke bila ruhusa yangu. Nakumbuka! Zizi hufungwa pande zote. Basi, akasema, nyimbo za babu ni nzito.

Nikamuuliza mbona hakunionya. Akasema alinionya, nikamwambia ahame, atafute chumba huko mbali Msalato.

Kaubomoa. Nyimbo zikatoka moja moja, nazihesabu kwa vidole. Thelathini na tisa. Simu ikazima. Haikuwaka tena. Umebaki ule wa mavuno.

Ijumaa, 13 Juni
Paulina kaja na mlenda, kasikia simu imekufa. Nikamwambia ni wimbo gani umepotea. Akatoa simu yake: anao! Babu alimtumia zamani, nami sikuambiwa. Kaupandisha hapa hapa kwa intaneti yangu. Tumeusikiliza mara tatu, tumelia kama watoto. Nimemwita dada.

Jumamosi, 14 Juni
Nimemkuta dada chini ya dirisha langu, anatazama video za harusi za watu asiowajua. Kwa intaneti yangu! Nimemwita Ludovick arudishe ukuta. Ule ule. Kaanza kunionya, nikamtajia Msalato.

Jumapili, 15 Juni
Nimekurekodia salamu ndefu, Erica, na wimbo wa mavuno mwishoni, sauti yangu mwenyewe. Haitoki! Tangu nitoke kanisani najaribu. Nahisi ni Paulina.

Ukija, leta simu yenye nafasi uichukue mwenyewe. Na upitie mlango wa uani, dada asikuone.