Waraka wa Kushangilia Barafu

Ilitangazwa rasmi, kwa tangazo lenye mihuri mitatu, kwamba Jumamosi saa nane mchana wananchi wa Karatu watafurahi.

Tangazo lilibandikwa kwenye mashine ya kusaga, kwenye uzio wa mnada na kwenye mlango wa kanisa, juu ya ratiba ya misa. Lilieleza kwamba Idara ya Mwitikio wa Umma imepokea filamu kutoka nchi rafiki, inayoonyesha fainali ya wanawake ya kuteleza juu ya barafu kwa viatu vya chuma. Filamu hiyo ni nzuri. Uzuri wake umeshathibitishwa na ngazi za juu, hivyo wananchi hawatasumbuliwa na kazi ya kuuthibitisha upya. Mwaka ulikuwa 1983. Sabuni haikuonekana, mafuta ya taa yalibaki jina tu, lakini barafu ilikuwa imefika kwa wakati.

Mwenye dhamana ya furaha hiyo alikuwa Ndugu Bartolomeo, Afisa Mwitikio wa Tarafa, mtoto wa kijiji cha Endamarariek aliyevaa suti ya kaunda siku moja na tangu hapo asiikumbuke vizuri njia ya kwao. Kazi ya afisa mwitikio ni kujua wananchi wamesema nini kabla hawajasema. Miaka tisa aliifanya bila dosari. Kiongozi akitoka Arusha, akiwa bado anakula vumbi la Makuyuni, tayari Bartolomeo ameshaandika kwamba amepokewa kwa shangwe kubwa. Hata ripoti ya filamu hii ilikuwa imekwisha kuchapwa kwa taipu, nakala nne, tangu wiki mbili nyuma. Kilichobaki ni watu kuja kuitimiza.

Safari hii Ndugu Mkurugenzi wa Mkoa angefika mwenyewe kushuhudia. Alikuwa amemwambia Bartolomeo waziwazi: "Nikisikia vigelegele, hesabu umeshahamia Arusha, nyumba yenye bomba la maji ndani. Nikisikia kimya, nina nafasi moja kule Olbalbal, ya kuhamasisha kilimo cha mpunga."

Olbalbal hata ng'ombe hutembea siku nzima kutafuta maji. Bartolomeo hakulala vizuri wiki ile.

Alhamisi yakafanyika mazoezi ya furaha ya ghafla, kwenye ghala la mahindi. Karani wake, Hhando, alishika kengele ya baiskeli ya kutolea ishara. Bartolomeo akasoma waraka: "Dakika ya nne, makofi ya wastani. Dakika ya kumi na moja, mshangao usio na woga. Dakika ya kumi na tisa, vigelegele, wanawake peke yao. Kicheko hakijapangiwa nafasi. Atakayetimiza yote atapewa nusu kilo ya sukari."

Kwa neno sukari shingo zote zikanyooka. Mama Marsela, mama mtu mzima wa Endamarariek ambaye alikuwa amezalisha nusu ya watu waliokuwa mle ndani, Bartolomeo akiwa mmojawapo, akanyoosha mkono.

"Mwanangu Afisa, huko tutaona nini?"

"Mtaona jambo la kufurahisha."

"Na likituchukiza?"

Bartolomeo akaupekua waraka mbele na nyuma, kwa uaminifu kabisa. "Waraka haukutoa nafasi hiyo, mama."

Nyuma ya Mama Marsela alikaa Nareyu, mama wa Kimaasai aliyepanda kutoka Olbalbal na punda wawili kufuata mahindi, akashikwa njiani na kuorodheshwa kama "wafugaji wote". Akauliza, "Hiyo barafu ndiyo kitu gani?"

"Ni maji yaliyoganda kwa baridi, yakawa magumu."

"Ah! Ile nyeupe ya mwezi wa saba kule juu, inayolala kwenye majani asubuhi? Ile inaua ndama." Akamgeukia Mama Marsela, akamwita mama kwa Kimaasai. "Yeyo, hawa watu wanatuita tushangilie ile?"

Hhando akapiga kengele, kwa sababu dakika ilikuwa imefika. Watu wakapiga makofi ya wastani.

Jumamosi madirisha ya ghala yalizibwa kwa magunia, jenereta ikaanza kukohoa, na watu mia tatu wakapangwa: wanaume kushoto, wanawake kulia, sukari mbele, chini ya ulinzi. Ndugu Mkurugenzi aliingia na tumbo lake likatangulia kidogo. Akakaa kwenye kiti pekee chenye mto. Mama Marsela akamsalimia, kisha akamuuliza kwa adabu, "Baba, shughuli hii ni ya nani?"

"Yangu," alisema Mkurugenzi, na kifua kikapanda. "Mimi ndiye niliyeileta. Kila kitu hapa ni changu."

"Asante," alisema Mama Marsela. Alikuwa ameuliza mbele za watu, na watu walikuwa wamesikia.

Filamu ikaanza. Ukutani kukatokea uwanja mweupe kama unga, na binti wa miaka kumi na sita hivi, miguu wazi, mgongo wazi, na sketi ambayo haikuwa imefika mahali popote. Akaanza kuzunguka. Kengele ya dakika ya nne ikalia. Yakatoka makofi upande wa wanaume, ambao walikuwa wameipokea filamu kwa moyo mkunjufu kuliko hata waraka ulivyotaka. Upande wa wanawake haukutoka hata mkono mmoja.

Pembeni ya uwanja, kwenye meza ndefu, walikaa wazee tisa wamevaa makoti mazito na kofia za manyoya, na mablanketi magotini. Binti akaruka, akaanguka. Akainuka anatabasamu, theluji imemshika pajani. Akaruka tena, akaanguka tena. Wazee wakaandika. Hhando akapiga kengele ya mshangao usio na woga, na kweli mshangao ukatoka, ila ulikuwa wa aina nyingine.

Kisha binti akakaa kwenye benchi, kifua kinapanda na kushuka. Wale wazee wakatoa namba zao. Binti akazitazama, uso ukamkunjamana kama wa mtoto mdogo, akalia. Filamu ikasogea ikamwonyesha machozi kwa karibu, muda mrefu, bila haraka.

Kengele ya vigelegele ikalia.

"Zima," alisema Mama Marsela.

Hakupaza sauti, lakini aliyekuwa akiendesha projekta alizima. Naye alikuwa amezalishwa na Mama Marsela.

"Huyu ni mtoto wa nani?"

"Wa nchi rafiki," alijibu Mkurugenzi.

"Mama yake yuko wapi?"

"Hayumo kwenye filamu."

"Na wale wazee waliojifunika?"

"Ni waamuzi. Wameamua kwamba hakuanguka vizuri."

Nareyu akapiga ulimi. "Mimi nikimkuta mzee amejifunga blanketi, ametoa mtoto wa mtu uchi kwenye baridi ya kuua ndama, anamhesabia akianguka, mimi simpigii makofi. Mimi naita wenzangu."

Wanawake wakainuka wote. Wakapita mbele ya meza ya sukari. Sukari ile walikuwa hawajaiona tangu Pasaka, na hakuna aliyegeuza shingo. Hapo ndipo Bartolomeo alipojua kwamba mambo yameharibika. Hata hivyo alifungua ripoti yake na kuhakikisha. Ndiyo, vigelegele vilikuwa vimeandikwa.

Watu wa nyanda zile wana desturi yao. Mtoto wa kike akivunjiwa heshima, akina mama huacha nyumba zao na kwenda kukaa mlangoni kwa mwenye kosa. Hawapigi, hawatukani, wanakaa. Hawapiki, hawakamui, hawalali kwao, mpaka mwenye kosa atoe dume la ng'ombe na alitamke kosa lake kwa kinywa chake mwenyewe. Na aliyewaita watu washangilie aibu ya mtoto ni mwenye kosa sawasawa na aliyeitenda. Bartolomeo aliijua desturi hiyo tangu utotoni. Ndiyo maana alipowaona wamekaa mistari sita mbele ya lango la ofisi, na Land Rover ya Mkurugenzi iko ndani, macho yake yalimtafuta kwanza mke wake.

Lusia alikuwa mstari wa kwanza.

"Lusia, nyumbani kuna nini cha kula?"

"Soma waraka," alisema Lusia.

Polisi alifika, akamkuta mama yake mzazi mstari wa pili. Akamsalimia, akaulizia hali ya mbuzi, akarudi kituoni. Jumapili padre alihubiria wanaume peke yao. Jumatatu Karatu yote ilinuka ugali ulioungua. Ng'ombe walilia viwele vimejaa, watoto walilia zaidi, na wanaume waliopiga makofi ya wastani sasa walikuja ofisini kwa makundi kumwambia Bartolomeo kwamba wao binafsi filamu ile hawakuipenda tangu mwanzo.

Siku hiyo ya tatu Ndugu Mkurugenzi, ambaye alikuwa amelala siku mbili juu ya mafaili, alimwita Bartolomeo mezani.

"Wanamtaka mwenye shughuli?"

"Ndiyo, Ndugu Mkurugenzi. Ulisema ni yako."

"Uongozi ni kupokezana," alisema Mkurugenzi kwa uchungu mzuri. Akamwamuru Hhando aweke karatasi kwenye taipu. Barua ikasema kwamba kuanzia saa hiyo Ndugu Bartolomeo ndiye Mkurugenzi wa Mwitikio wa Mkoa, pamoja na haki, heshima na shughuli zote zilizofanyika, zinazofanyika na zitakazogundulika.

Moyoni Mkurugenzi alijiambia kwamba akifika Arusha ataichana. Bartolomeo moyoni alisikia bomba la maji likifunguka ndani ya nyumba. Alisaini kabla wino wa mwenzake haujakauka. Hhando, mtu wa taratibu, akapiga mihuri mitatu na kutuma nakala kwa redio kwenda ofisi zote za mkoa. Kisha akawakumbusha kwa heshima kanuni ya idara, iliyotungwa na Mkurugenzi mwenyewe: hati yenye mihuri mitatu haitenguliwi na mtu yeyote ila Mkurugenzi aliye madarakani.

Mkurugenzi hakusikia, alikuwa ameshawasha gari.

Bartolomeo akatoka mpaka langoni, ametanua mabega. "Akina mama! Sasa mnazungumza na Mkoa!"

"Mwenye shughuli ni wewe?" aliuliza Mama Marsela.

"Ni mimi!"

"Vizuri." Wakasogea, Land Rover ikapita kwa kasi, kisha wakakaa tena. Mama Marsela akajifunga khanga vizuri. "Haya, mwanangu. Tamka."

Dume halikuwa shida. Lusia alikuwa ameshatuma watu wakalitoa zizini kwa mumewe, tena lile jeusi alilokuwa akilipenda. Shida ilikuwa kutamka.

"Kwa niaba ya Idara," alianza Bartolomeo.

"Si kwa niaba."

"Imeonekana kwamba kulijitokeza..."

"Kulijitokeza nini? Nani alikuwepo?"

Akapapasa mifuko yote ya kaunda suti. Hakuna waraka. Miaka tisa alikuwa amewaandikia watu wa Karatu kila walichokisikia mioyoni mwao, na leo anaulizwa chake yeye, hakioni. Wanawake mia na hamsini walimngoja bila kumdhihaki, na hilo lilimuumiza kuliko dhihaka. Saa nzima alisimama juani. Jasho lilimtoka, akalifuta, likatoka tena.

Mwisho alimwita Mama Marsela *ayo*, kama mtoto anavyomwita mama kwao Endamarariek.

"Ayo, nilimwona analia," alisema. "Nilimwona kama mlivyomwona. Nina binti wa umri ule. Nikashika kalamu nikahakikisha nimeandika vigelegele."

Hhando, kwa mazoea ya kazi, akauliza kama hayo nayo aandike.

"Andika," alisema Bartolomeo. "Tuma kote."

Wanawake wakainuka, wakakung'uta khanga. Lusia akampita akamgusa bega. Jioni ile moshi ulionekana kwenye kila paa la Karatu, na nyama ya dume jeusi haikuonjwa na mwanamume hata mmoja.

Alhamisi yake Mkurugenzi wa zamani alirudi. Alikuwa ameshuka kwenye lori la viazi, kwa sababu Land Rover ni ya ofisi, na mlinzi wa ofisi ya Arusha alikuwa amepokea nakala. Suti ilikuwa na udongo. Akaweka karatasi mezani kwa Bartolomeo.

"Ndugu yangu, saini hapa tu unirudishie cheo changu."

Bartolomeo aliisoma taratibu. Hakuwa na kinyongo. Cheo kile hakikuwa kinampa raha. Tangu Jumatatu kila alipotaka kuandika "shangwe kubwa" kalamu ilikuwa nzito.

"Nitasaini leo hii," alisema. "Lakini cheo kinarudi na shughuli yake."

"Shughuli si uliimaliza? Ulitoa dume, ukatamka!"

"Nilitamka la kwangu. La kwako bado."

Nje, habari ilikuwa imeshatembea. Akina mama walikuwa wanakuja kwa makundi kutoka mashambani, wengine na majembe begani, Nareyu na punda wake wawili katikati. Wakakaa mistari sita. Mkurugenzi wa zamani alitolewa nje, akasimamishwa mbele yao kwenye jua la saa tano. Akakohoa, akavuta koti, akatanua kifua kadiri kilivyoweza.

"Kwa niaba ya ngazi zote husika," alianza.

Mama Marsela hakumkatiza. Alimtazama kwanza kwa huruma kutoka juu mpaka chini, kisha akawageukia wenzake.

"Kaeni vizuri, akina mama," alisema. "Na mmoja akalete mahindi ya kuchoma. Huyu atachelewa."